Tungo Moja ya Tepaeru

Ukionekana kwenye barabara za kisiwa chetu cha Mauke juu ya pikipiki, umepakata cherehani, hakuna anayekuuliza unakwenda wapi. Unakwenda kwa Ngapoko, na tiketi yako ya Nyuzilandi imeshakatwa. Kesho yake majirani watakuletea kuku na magimbi ya kukuaga, na watu wa kanisani watakuombea safari njema huku wakijiuliza kimoyomoyo ni nyumba ngapi zimebaki na moshi jikoni.

Ngapoko ni dada yangu. Mama yake na mama yangu walinyonya ziwa moja. Ana miaka sabini na sita, mwembamba, mdomo mkali. Katika chumba chake cha mbele, pale ambapo wenzake wameweka televisheni, amepanga cherehani ishirini na tatu za mkono, zote kuukuu. Nyingine zina maua ya dhahabu yaliyofutika ubavuni, nyingine zimebaki chuma kitupu. Kila moja ina kifuniko cha kitambaa cheupe, na kwenye kifuniko ametarizi jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu. Hakununua hata moja. Zimeachwa na wanawake waliohama, mmoja baada ya mwingine, na yeye huiomba cherehani yako kabla hujamaliza kusema kwamba unaondoka.

"Umeigeuza nyumba bohari," nilimwambia siku moja.

"Hizi zina wenyewe. Soma majina."

"Nimesoma. Huyu Teata ameondoka mwaka wa kimbunga. Wajukuu zake wanazungumza Kiingereza hata na paka. Atarudi kushona nini?"

"Akirudi ataikuta inazunguka."

Husemwa asiyekuwepo na lake halipo. Kwa Ngapoko ilikuwa kinyume: ukitaka akupende, ondoka. Sisi tuliobaki tulipata kazi na maneno ya shombo. Nasema hivi bila haya kwa sababu nimekaa naye jirani miaka yote, nimemchotea maji alipoteguka mguu, nimemlishia nguruwe wake, na sikuwahi kutariziwa jina langu popote.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alivua vifuniko vyote. Alidondosha mafuta ya cherehani, tone hapa, tone pale, akazungusha mkono wa cherehani mara kumi, kisha akapitisha kitambaa chakavu na kushona mstari mmoja. Halafu anakwenda kwa inayofuata. Kazi hiyo ilimchukua kutwa. Nami nilikuwa nakwenda kumsaidia kufua vifuniko, maana hakuna aliyewahi kuniambia nisije.

Ya ishirini na nne haikuwa na kifuniko wala jina. Ilikuwa ya marehemu mama yake, Mama Uirangi, nayo ilikaa kwenye meza ya dirishani na viti viwili: kimoja upande wa kulia, kimoja mbele. Kiti cha mbele hakikaliwi. Ukisahau ukakikalia, Ngapoko hakufukuzi. Anasimama tu anakutazama mpaka unanyanyuka mwenyewe.

Cherehani ya mkono mtu mmoja anaiweza: mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Lakini tivaevae, shuka letu la viraka, ina vipande visivyozidi upana wa vidole viwili, mamia kwa mamia, na mkono mmoja hauvishiki sawa. Kwa hiyo Ngapoko na mdogo wake, Tepaeru, walishona wawili kwenye cherehani moja. Ngapoko alikaa kulia akazungusha. Tepaeru alikaa mbele akaongoza kwa mikono miwili, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na akili kuliko vya wengine. Walianza hivyo wakiwa wasichana na hawakubadilishana hata siku moja. Tepaeru akitaka mwendo upungue alikuwa anakohoa kidogo, na Ngapoko anapunguza. Hawakuhitaji kusemeshana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, nakaa mkekani natenganisha rangi, na nilikuwa nawaonea wivu.

Tivaevae waliyokuwa wakiishona aliibuni Mama Uirangi mwenyewe, robo nne za pembetatu zinazokutana katikati na kuwa ua moja kubwa. Alikata vipande, akavipanga kwa rangi, kisha akatunga kila mstari kwenye uzi na kufunga fundo. Tungo ya kwanza ina kipande kimoja, ile ya ncha. Ya mwisho, ya ukingoni, ina vipande tisini na kimoja. Hesabu yote iko kwenye tungo. Kipande kimoja kikikosea nafasi, ua zima linapinda, na utapindika nalo mpaka kaburini, maana kaburini ndiko tivaevae nzuri zinakoishia. Mtu wetu hazikwi na blanketi la dukani.

Mwaka wa sabini na nne, Tepaeru aliolewa na Metua, na Metua akapata kazi kwenye kiwanda cha mbao kule Tokoroa, Nyuzilandi. Robo tatu zilikuwa zimekwisha. Ya nne ilikuwa bado tungo tupu. Mama Uirangi aliziweka ndani ya kikapu akamkabidhi.

"Kaishone huko," alimwambia. "Ukimaliza, uilete wewe mwenyewe. Usije ukanitumia kwa posta kama mzigo wa vitunguu."

"Mwaka mmoja, mama," alisema Tepaeru. "Miwili ikizidi."

Meli ilipoondoka, Ngapoko alisimama juu ya mawe makali ya matumbawe na viatu vyake vya Jumapili mpaka hakukuwa na cha kutazama tena. Kisha alirudi nyumbani akaipaka cherehani ya mama mafuta ya nazi, mengi, mpaka yakachuruzika mezani, ili mdogo wake akirudi aikute laini. Sisi watu wa huku tunapaka mafuta ya nazi nywele, mtoto, goti, bawaba ya mlango, basi tunadhani hata cherehani ina ngozi. Miezi ya kwanza inateleza vizuri. Baadaye mafuta yanaganda, yanakuwa gundi, na mkono hausogei tena. Cherehani ya Mama Uirangi ilikufa hivyo, na Ngapoko alilia kuliko siku ya meli. Aliilowesha mafuta ya taa siku tatu, akaichokoa kwa unyoya wa kuku na mswaki wa zamani, skrubu moja baada ya nyingine, mpaka ikafufuka. Ndivyo alivyojifunza ufundi. Nusu ya zile zilizokuja baadaye zilifika zimekufa kifo hichohicho.

Barua ya kwanza ya Tepaeru ilisema ameshona tungo thelathini. Ya Krismasi ya pili ilisema imebaki tungo moja. Ya mwaka wa tatu: imebaki tungo moja. Mtoto wa kwanza alizaliwa, wa nne akazaliwa, imebaki tungo moja. Simu ikafika kisiwani, nayo ikasema vilevile. Likawa neno la mtaani. Mchungaji akirefusha mahubiri tunanong'onezana, "Vumilia, imebaki tungo moja ya Tepaeru." Ukimwuliza fundi kama paa lako litakwisha kabla ya mvua, anakujibu hivyo na kucheka, na wewe unajua hesabu yako.

Ngapoko hakucheka.

"Tungo moja ni kazi ya saa moja na nusu!" alikuwa anapiga kelele kwenye simu, nami nikiwa kwangu namsikia bila kutega sikio. "Huko hakuna saa moja na nusu?"

"Njoo wewe huku, dada," anasema Tepaeru.

"Nije mimi? Nani aliyeondoka, mimi au wewe?"

"Watoto wana shule, dada."

Baadaye ikawa wajukuu. Baadaye ikawa figo: damu yake ilisafishwa kwa mashine mara tatu kwa wiki, na mashine ya namna hiyo huku kwetu haipo. Mama Uirangi alipofariki tulimfunga katika tivaevae nyingine na kumzika kesho yake, kwa sababu joto letu halingoji ndege. Tepaeru hakuyawahi mazishi. Ngapoko hakushika simu kwa miaka miwili.

Siku moja ya mafuta, akiwa ameinama juu ya cherehani ya Teata, alisema bila kunitazama:

"Unajua kwa nini hamalizi? Mama alimwambia akimaliza arudi. Hataki kurudi. Basi hamalizi."

"Labda macho, dada."

"Macho gani! Kabla ya figo alikuwa anashona mashati kiwandani mia kwa siku." Aliifuta sindano mara nyingi kuliko inavyohitaji. "Apii, mimi sitaki akae huku. Nataka nimwone pale kwenye kiti chake, mara moja tu. Tumalize kile kitu chetu, halafu aende zake."

Nilikusanya vifuniko vya kufua. Mimi nami nilikuwa na langu nimelificha. Mwanangu Tuaiva, aliyeko Auckland, alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada: mama njoo, magoti yako hayawezi tena shamba la magimbi, chumba kipo, dirisha linatazama jua. Sikumwambia Ngapoko. Lakini kisiwa ni kidogo, na yeye masikio yake ni makubwa.

"Na wewe cherehani yako utaniletea lini?" aliniuliza siku hiyohiyo.

"Mbona haraka? Bado ninashona nayo."

"Haya," alisema, akageukia ukuta. Nilidhani ananikejeli.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, Rosina, binti mkubwa wa Tepaeru, alipiga simu. Mimi ndiye niliyeipokea kwa sababu Ngapoko alikuwa kwa nguruwe. Nilimwita, nikampa, nikabaki nimesimama ubavuni mwake, sauti ya simu inanifikia.

"Mama mkubwa," Rosina alisema, "mama amepumzika. Alfajiri hii. Alisema aletwe nyumbani."

Ngapoko alijipangusa mkono kwenye gauni. Kisha akauliza, "Na robo?"

"Robo gani, mama mkubwa?"

"Pembetatu ya viraka, mwanangu. Iko kwenye kikapu."

"Aa, ile. Ipo. Nakuja nayo."

"Imeshonwa yote?"

"Sijui. Mimi hata kifungo sijui kushona."

Alirudisha simu mahali pake. Hakulia. Alikwenda kutoa robo tatu kwenye sanduku, akazianika kwenye uzio zipigwe na upepo, na kutwa nzima watu waliopita walipunguza mwendo wa pikipiki wakitazama.

Ndege ilifika Ijumaa asubuhi. Mazishi yalipangwa Jumamosi baada ya ibada, kando ya kaburi la mama yao, pale uani. Tulilipokea jeneza kwa nyimbo, tukaliweka chumba cha mbele juu ya mikeka, cherehani zimelizunguka. Walikuwepo wanawake wote wa kikundi chetu cha kushona pamoja na Teuira, kiongozi wetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele. Rosina alikuwa mama wa makamo aliyevaa koti zito la kwao, analowa jasho, hajui akae wapi. Alimpa Ngapoko kikapu.

Ilikuwa robo safi. Sijawahi kuona mshono kama ule: mistari imenyooka, ua halikupinda hata uzi mmoja. Tuliitandaza sakafuni. Ukingoni ilikosekana tungo ya mwisho. Ngapoko alikipindua kikapu, akakikung'uta. Hakikutoka kitu.

"Tungo iko wapi?"

"Tungo ndiyo nini?" aliuliza Rosina.

"Ameitupa," alisema Teuira polepole. "Basi, dada. Tutakata vipande vingine."

"Utakata wewe? Rangi zile utazitoa wapi, kwa Mchina wa duka la Rarotonga?"

"Tufungueni kwanza, tumwone," nilisema, kwa sababu Ngapoko alikuwa anakikung'uta tena kikapu kitupu na nilijua hatapenda watu wamwone hivyo.

Kifuniko cha jeneza kiliondolewa. Tepaeru alikuwa amepungua, nywele nyeupe, uso umetulia. Shingoni walikuwa wamemvisha makoja, moja juu ya jingine kama ilivyo desturi, ya majani na ya maua, yote yamenyauka kwa safari. Katikati yake palikuwa na koja moja la kitambaa. Vipande vidogo vya rangi, vimebanana kwenye uzi, vimepauka. Lilikuwa na fundo mwishoni, na fundo lile nililijua. Mama Uirangi alikuwa anafunga mara tatu na kuacha mkia.

Ngapoko alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

"Nani amemvisha hii?"

"Mimi," alisema Rosina. "Nimekosea? Lilikuwa limening'inia kwenye kioo chake cha dirishani tangu niko mtoto. Alitukataza tusiliguse. Nikasema hili ndilo koja lake alilojiwekea."

"Na hakuwahi kusema ni la nini?"

Rosina alipangusa uso kwa mkono wa koti. "Mwaka jana nilimwambia, mama, wewe una cherehani ya umeme, unashona kila kitu, hilo koja nalo mbona hulifanyii chochote? Akasema, hili linamngoja dada azungushe. Hili sishoni peke yangu. Nilidhani ni dawa zinamchanganya, mama mkubwa. Dada gani azungushe nini? Sikumwuliza tena."

Ngapoko alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya paji la uso la mdogo wake, na akaanza kumsema kama wanavyosemana ndugu.

"Mjinga wewe, Paeru. Mjinga. Miaka hamsini! Si ungesema? Ungesema ningekuja. Ningekuja hata na mtumbwi. Mimi nimekaa hapa nakutukana, nasema hunitaki, na wewe umenitundika kwenye kioo!"

Alilia kwa sauti, na sisi tukalia naye, hata mimi ambaye nilikuwa nimemwonea wivu marehemu tangu nina miaka kumi na miwili.

Alipotulia alinyoosha mikono kuivua tungo. Teuira alimshika.

"Dada, hapana. Kilichovishwa maiti hakivuliwi. Unajua."

"Koja halivuliwi," alisema Ngapoko. "Hili si koja. Hii ni kazi, na haijaisha. Niachie mkono."

Teuira alimtazama, akatutazama sisi, na akamwachia. Wawili wakainua kichwa cha Tepaeru taratibu, na tungo ikatoka.

Baada ya hapo kulikuwa na amri tu. "Wewe, kata kitambaa cha nyuma. Wewe, utepe wa pembeni. Rosina, vua hilo koti, utazimia. Cherehani? Mbona mnanitazama? Cherehani si hizo!" Na vifuniko vyeupe vikaanza kuvuliwa. Sijui kama mtu mwingine aliona nilichoona: Teuira alikaa kwenye cherehani ya Teata, rafiki yake wa shule, na alipozungusha, ilizunguka bila kukwaruza. Aliguna, akatazama jina jekundu, akaendelea. Sita zililia kwa pamoja mchana ule. Nyumba haijawahi kuwa na kelele nzuri namna ile.

Ngapoko alikaa mahali pake, upande wa kulia wa cherehani ya mama. Tungo aliilaza mezani. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na jeneza lilikuwa nyuma yake, hatua mbili.

Alingoja. Nafikiri kwa muda kidogo alikuwa anangoja kweli.

Kisha akasema, "Apii. Kaa."

"Mimi? Mimi napinda, dada. Wewe mwenyewe husema nashona kama kaa anavyotembea."

"Nimesema hivyo, na ni kweli. Kaa."

Nilikaa. Mbao zilikuwa ngumu. Nilichomoa kipande cha kwanza kutoka kwenye uzi, nikakioanisha na cha pili, nikaviweka chini ya sindano, na Ngapoko akazungusha. Mshono ulianza kwenda upande.

"Nyoosha," alininong'oneza. "Asije akanicheka."

Kipande cha kumi, cha ishirini. Jua la dirisha la Tokoroa lilikuwa limeichuja rangi, kwa hiyo tungo ile ilikuwa nyepesi kuliko robo yote, na hakuna la kufanya. Kwenye cha arobaini na kitu machozi yalinishuka kooni, sikuona sindano, nikakohoa. Sikukusudia. Mkono wa Ngapoko ukapunguza mwendo.

Sote wawili tulisikia. Hatukutazamana. Tuliendelea hivyo, polepole, mpaka cha tisini na moja, na kabla ya kengele ya ibada ya jioni robo nne zilikuwa zimekutana.

Tuliitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo ili kila mtu aione. Watu walikuja kutoka vijiji vyote vitatu. Ile tungo iliyopauka ilionekana waziwazi ukingoni, na mshono wangu ulikuwa umepinda mahali pawili. Jumamosi asubuhi Teuira alijaribu tena.

"Dada, tivaevae tunazo nyingine. Hii ya miaka hamsini ibaki, tuwe tunaiona."

"Ibaki inifanyie nini? Ilikuwa inamngoja yeye, na yeye amekuja."

Tulimfunga nayo. Ngapoko mwenyewe alikunja ule ukingo wenye tungo ya mwisho, akauweka chini ya kidevu cha mdogo wake, mahali palepale ilipokuwa. Udongo wetu ni mwekundu. Sikuweza kutazama mpaka mwisho.

Jumapili ya kesho yake Tuaiva alinipigia kama kawaida. Tulizungumza sana. Alinung'unika, akanyamaza, mwisho akasema, "Haya mama, basi mimi nitakuja huko Krismasi." Tutaona. Krismasi nayo ina tungo yake.

Jumatatu, ambayo ilikuwa siku ya mafuta, niliipakia cherehani yangu mapajani, nikawasha pikipiki. Sikufikiria watu watasema nini. Teuira alikuwa barabarani na kikapu cha magimbi, akakitua chini.

"Na wewe, Apii? Na wewe?"

Nilimpungia mkono tu, kwa sababu ningesimama ningeiangusha.

Ngapoko alikuwa mlangoni. Aliiona cherehani kabla hajaniona mimi, na uso wake ulizeeka mbele ya macho yangu. Aliingia ndani, nikamsikia anainua godoro, akarudi na kifuniko cheupe kilichokunjwa vizuri. Kilikuwa na jina langu, Tereapii, lote, kwa uzi mwekundu. Uzi ulikuwa wa zamani.

"Nilikitarizi mwaka ule mwanao alipoondoka," alisema. "Nikakificha. Niliogopa nikikiweka wazi nitaiita siku yako ya kuondoka." Alikohoa, akanyoosha mgongo. "Haya. Iweke pale mwisho, karibu na ya Teata. Nitaitunza."

"Siiweki."

"Unataka nini basi?"

"Imeganda. Haizunguki tangu Pasaka, na nimeona haya kukwambia. Nimekuja uitengeneze, na wakati unaitengeneza nitashona kwa ile ya mama yako. Siendi popote, dada. Niende wapi?"

Alinitazama. Akaisogelea cherehani, akaweka pua karibu na gurudumu, akanusa.

"Umeitia mafuta ya nazi."

"Nimeitia."

"Mtu mzima wewe! Na miaka yote umekaa hapa unaniona!"

Alikuwa ananigombeza na machozi yanamwagika, anayafuta kwa kile kifuniko, jina langu limelowa. Kisha alikwenda dirishani. Alikikunja kifuniko mara mbili, mara nne, akakilaza juu ya kiti cha mbele, pale ambapo mbao ni ngumu, na yeye akakaa mahali pake kulia, akashika mkono wa cherehani.

"Kaa basi," alisema. "Ukitaka nipunguze, kohoa."